Dhahabu Haishiki, Fuvu Halisemi: utatuzi wa matatizo katika michoro ya nuru kuhusu mauti

Michoro ninayoizungumzia inafuata mkono wa wachoraji wa vitabu vya sala vya Ulaya, takriban kati ya 1300 na 1500: wino, rangi za udongo na madini, na dhahabu halisi iliyoinuliwa kidogo juu ya ukurasa ili inase mwanga. Mada yake ni mauti, kama ngoma ya kifo, wafu watatu wanaokutana na watu watatu walio hai, au maiti mbele ya Hakimu wake. Mimi ninaifanyia Pwani, katika joto na unyevunyevu, kwa hiyo mengi ya hapa yanatoka kwenye karatasi nilizoziharibu mwenyewe.

Kabla hujaanza kutafuta dalili, jiulize ulifanya kazi kwa mpangilio gani. Penseli kwanza, kisha wino wa mistari mikuu, jeso, dhahabu, kung'arisha, na rangi mwisho kabisa. Wanaoanza na rangi kwa sababu ndiyo tamu kuishika hujikuta na nusu ya matatizo yaliyo hapa chini kwa mpigo mmoja.

Ukurasa wa dhahabu unang'oka wote, jeso inabaki tupu

Jeso ni ule uji mweupe unaochorwa kwa brashi au kalamu mahali dhahabu itakapokaa. Mimi hupima vijiko 8 vya plasta iliyozimwa, 3 vya chaki laini, 1 cha sukari, 1 cha gundi ya samaki, na chembe ya udongo mwekundu ili nione nilipopaka. Katika mapishi ya kale, mahali pa chaki palikuwa na unga mweupe wa risasi. Usiutumie. Utakuja kuikwangua jeso kwa wembe, na vumbi lake utalivuta puani.

Kinachoshika dhahabu ni sukari na gundi. Zikikauka sana hazina mnato, na kinachoziamsha ni pumzi yako. Chukua mrija wa mwanzi au karatasi iliyoviringishwa, weka ncha moja mdomoni na nyingine karibu kabisa na jeso, kisha toa pumzi ya ndani, ya moto, polepole, kama unavyotia ukungu kwenye miwani kabla ya kuifuta. Mara tatu au nne. Hapo hapo, bila kungoja, laza ukurasa wa dhahabu, yaani utando mwembamba sana wa dhahabu, na uubonyeze kwa kidole juu ya karatasi laini isiyonata. Wengi hukosea hapa kwa kupuliza. Kupuliza hukausha, kuhema ndiko kunakoloanisha. Ukihesabu hadi tano kati ya kuhema na kulaza, umeshachelewa.

Kama umehema vizuri na bado haishiki, angalia mafuta ya vidole. Jeso iliyoguswa haipokei kitu. Ikwangue kwa upande wa wembe mpaka itoe unga mwembamba, ufagie unga huo kwa brashi laini, urudie. Ikikataa tena, shida iko kwenye plasta yenyewe. Plasta mbichi, ile wanayofungia mifupa iliyovunjika hospitalini, ukiichanganya moja kwa moja na gundi hujigandia kwa nguvu zake na kuwa ngumu kama ukuta. Lazima uizime: uikoroge ndani ya ndoo ya maji mengi kwa saa nzima ili isigande, kisha uibadilishie maji na kuikoroga kila siku kwa mwezi mmoja hivi. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika kuhusu ufundi huu karibu na mwaka 1400, naye alidai mwezi. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Ukiwa umeshamaliza mchoro wa wino na huna moyo wa kuibandua jeso mbaya, pitisha juu yake utando mmoja mwembamba wa ute wa yai uliopigwa povu na kuachwa utulie usiku kucha. Ngoja ukaribie kukauka, ndipo uhemee na kulaza dhahabu. Haitang'ara sana, lakini itashika.

Dhahabu imeshika, ila ukiisugua inachubuka na jeso inaonekana laini kama siagi

Huu ndio ugonjwa wa Pwani. Maelekezo mengi ya fani hii yameandikwa na watu wa nchi kavu na baridi, wanaohangaika kuipatia jeso unyevu. Sisi wakati wa masika unyevu tunao hadi kwenye mto wa kulalia. Sukari huunyonya kutoka hewani, na jeso haikauki hata ukiisubiri siku mbili.

Punguza sukari hadi nusu kijiko. Mtu wa Dodoma au Nairobi aiache kama ilivyo, na kipindi cha ukavu anaweza hata kuongeza. Baada ya kulaza dhahabu, usiisugue siku hiyo hiyo. Weka mchoro ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko pamoja na mchele mkavu uliokaangwa kidogo bila mafuta kisha ukapozwa, uuache humo mpaka kesho. Anza kusugua juu ya karatasi laini, siyo juu ya dhahabu yenyewe. Kisha mguso mwepesi moja kwa moja, na nguvu uongeze kidogo kidogo. Jiwe likikwama au kuvuta, acha. Likiteleza kama juu ya kioo, endelea.

Kisuguo ninachotumia ni akiki, jiwe lile lile la pete, lililochongwa na kulainishwa na fundi wa vito kisha likafungwa kwenye mpini wa mti. Wazee wa Ulaya walitumia hata meno ya mbwa. Sharti ni moja, lisiwe na mkwaruzo hata wa kuhisi kwa ukucha.

Nikiwa kwenye sukari: usiache jeso mbichi mezani usiku. Sisimizi wanaijua.

Jeso inapasuka

Kama nyufa zimetokea wakati wa kukauka, umepaka nene kwa mara moja. Paka tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikauke kiasi kabla ya inayofuata. Kama zimetokea baada ya kung'arisha, tazama karatasi: imepinda, na jeso haiwezi kupinda nayo. Tumia karatasi ya pamba ya gramu 300 au zaidi, iloweshe na uigandishe kwenye ubao kwa utepe wa gundi pande zote nne, uiache ikauke na kukaza kama ngozi ya ngoma. Kwenye karatasi iliyokazwa hivyo hata rangi hazitaivimbisha. Mchoro uliotiwa jeso hauviringishwi kamwe kwenye bomba la kusafirishia. Utafika umekuwa vigae.

Mapovu na vishimo

Ulikoroga kwa haraka. Koroga kwa kidole ukiwa na subira, tone moja la mafuta ya karafuu huvunja mapovu, na tone hilo hilo huzuia ute wa yai na gundi visivunde. Vishimo vilivyokwisha kukauka vijaze kwa ncha ya sindano.

Dhahabu inaganda kila mahali isipotakiwa

Mara nyingi utaikuta juu ya rangi. Gundi arabu iliyo ndani ya rangi ya maji huamka kwa pumzi ile ile inayoamsha jeso, na dhahabu haibagui. Kama rangi imeshatangulia, kata tundu kwenye karatasi laini lenye umbo la jeso yako na uiweke kama kinga. Chembe zilizoganda ziondoe kwa ncha ya kisu, siyo kwa kifutio, kwa maana kifutio huchafua karatasi na kubeba na wino.

Na zima feni. Ukurasa mmoja una upana wa milimita 80 kwa 80 na wembamba unaokaribia sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Feni ya dari ikizunguka, utauona ukipanda juu kama roho. Wanaoanza wanunue ile iliyobandikwa kwenye karatasi yake, si ile iliyo huru.

Imegeuka kijani, kahawia, au nyeusi

Basi haikuwa dhahabu. Ile ya bei rahisi ni shaba na zinki, na hewa ya chumvi ya baharini huimaliza haraka. Fedha nayo huwa nyeusi. Katika vitabu vya kale, silaha za mashujaa zilizokuwa zikimetameta kwa fedha leo zinaonekana kama zimepakwa masizi. Dhahabu ya karati 23 au 24 haibadiliki. Kama mfuko hauruhusu, punguza eneo, usipunguze ubora. Duara la sentimita moja la dhahabu halisi lina nguvu kuliko mandhari nzima ya shaba.

Rangi zinazofanana na hayo: kijani cha kale cha shaba hula karatasi, njano ya kale iliyong'aa kama dhahabu ina aseniki, na nyekundu ya zamani ni ya zebaki. Ukitaka mwonekano wao, zipo rangi za kisasa zisizo na madhara hayo. Hakuna sababu ya mchoro kuhusu kifo kumdhuru mchoraji wake.

Dhahabu iko sawa, lakini ukutani inaonekana nyeusi

Dhahabu iliyong'arishwa ni kioo. Ikitazamana na giza, inaonyesha giza. Ndiyo maana wazee waliinyanyua kwa jeso iwe na mgongo kama mto mdogo: kwenye mgongo huo daima kuna mahali panapokutana na dirisha, hata msomaji akigeuza kitabu. Kama yako ni bapa, haitakuwa na bahati hiyo. Iliyokwisha bapa, ipe vitone kwa ncha butu ya chuma, ukibonyeza bila kutoboa. Kila kitone kitanasa mwanga wake. Ukipiga picha kwa simu, shika karatasi nyeupe mbele ya mchoro, pembeni mwa kamera, dhahabu ipate kitu cheupe cha kukitazama.

Fuvu linafanana na alama ya hatari kwenye nguzo ya umeme

Hapa tunaachana na gundi na kuingia kwenye mchoro wenyewe, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu nimeona kazi zenye dhahabu safi kabisa zikishindwa kwa sababu hii.

Fuvu peke yake, linalotazama mbele, pande mbili sawasawa, ni tangazo. Tumelizoea kwenye chupa za sumu. Sababu yake si uchoraji mbaya. Ni kwamba hakuna aliye hai kwenye picha. Wasanii wa kale mara nyingi hawakumwacha mfu peke yake. Kwenye ukuta wa makaburi ya Innocents mjini Paris, kati ya 1424 na 1425, ilichorwa ngoma ndefu ambamo kila mfu amemshika aliye hai, kuanzia papa na mfalme mkuu, wakishuka vyeo mpaka mkulima na mtoto mchanga. Ukuta ulibomolewa 1669, lakini mchapaji Guyot Marchant alikuwa amechapa picha zake za mbao tangu 1485, na humo tunaona siri yao: aliye hai amesimama mzito, amekakamaa, naye mfu ndiye anayecheza. Ukichora mfu amekakamaa na aliye hai anakimbia, umeigeuza ngoma.

Tiba ni kuanza na mikono. Chora kwanza mahali mkono wa mifupa unapokutana na mkono wa nyama. Ushike kifundo, au utepe wa joho, au utelezeshe vidole chini ya kiwiko kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara. Ukishaupata mguso huo, fuvu litageuka lenyewe kumtazama mwenzake, na halitakuwa tena alama.

Kama unafanya kurasa mbili zinazotazamana, jifunze kwa kitabu cha zaburi cha Bonne wa Luxembourg, kilichochorwa kabla ya 1349 katika karakana ya Jean Le Noir na sasa kipo kwenye makumbusho ya The Cloisters, New York. Ni kidogo, kinaenea kiganjani. Wapanda farasi watatu wako ukurasa wa kushoto, wafu watatu wa kulia, kila mmoja katika hatua yake ya kuoza. Mshono wa kitabu ndio mpaka, na kila kinapofungwa walio hai hulazwa uso kwa uso na wafu. Bonne mwenyewe alifariki 1349, tauni kubwa ikiwa bado inavuma Ulaya. Mimi huchora jozi hizo kwenye karatasi moja iliyokunjwa. Jeso ikae mbali na mkunjo, angalau sentimita mbili.

Mifupa ni sahihi yote, ila picha ni baridi

Umenakili kutoka kitabu cha biolojia. Picha za mifupa zilizochunguzwa kwa makini tunazohusisha na Vesalius, mtaalamu wa anatomia, zilitoka 1543. Picha za kifo za mchoraji Hans Holbein zilichapwa Lyon 1538, picha 41 zilizochongwa mbaoni na Hans Lützelburger, kila moja takriban sentimita 6.5 kwa 5, na mifupa yake ina makosa ambayo mwanafunzi wa udaktari angeyaona mara moja. Lakini inakimbia, inapiga ngoma, inavuta shuka. Kabla yake, wafu wengi hawakuwa mifupa mitupu hata kidogo. Walikuwa na ngozi iliyokauka, tumbo wazi, na sanda begani.

Kwa hiyo chora mwendo kwanza, mstari mmoja kutoka utosini hadi kisiginoni, bila mfupa wowote. Ukiridhika na mstari huo, valisha mifupa juu yake. Mbavu saba zinazofuata mwendo ni bora kuliko jozi 12 zilizosimama kama ngazi. Sanda nayo hufanya kazi kubwa: inaficha nyonga, ambayo huwashinda wengi, na inaonyesha upepo unatoka wapi.

Dhahabu imejaa, na mauti hayaonekani tena

Jiulize nuru ya picha hii inatoka wapi na inamwangukia nani. Katika kitabu cha saa cha Rohan, yaani kitabu cha sala za saa za siku, takriban 1430, maiti amelazwa uchi juu ya kitambaa chenye nakshi, mafuvu na mifupa imetapakaa kumzunguka, naye Mungu mzee amejaa angani juu yake. Ukiutazama ukurasa ule unajua mara moja nani mwenye utukufu na nani hana kitu. Dhahabu ikimgusa kila mmoja, swali hilo linapotea.

Chagua mahali pamoja. Taji inayoanguka, kipimasaa cha mchanga, ukingo wa dirisha. Au usiweke popote: kwenye picha ya Holbein ya mkulima, kifo kinawachapa farasi wake mtaroni, na nyuma ya kijiji jua linatua kwa mistari myembamba tu ya kisu. Rangi hakuna, dhahabu hakuna, na ni picha yenye nuru kuliko nyingi nilizowahi kuzitia dhahabu.

Nyumbani wanasema picha ni uchuro

Tatizo hili halimo katika maelekezo ya Wazungu, lakini ndilo nililokutana nalo kabla ya mengine yote. Mama yangu aliikuta picha ya mfu na bibi harusi sebuleni, akaigeuza ielekee ukutani, akasema, "Mwanangu, haya mambo hayaitwi nyumbani." Sikumbishia. Fuvu kwetu halina karne za vitabu vya sala nyuma yake, na wengi wetu hatupendi sura ya mtu, sembuse ya mfu, mahali pa kusalia.

Tiba niliyoipata si kulazimisha. Ni kuuliza Waswahili waliyasemaje mauti kwa picha zao. Wanakili misahafu wa Siyu walipamba kurasa kwa wino mweusi, mwekundu na njano bila sura hata moja. Kunduchi na Mambrui kuna makaburi ya mnara, ambayo yalitiwa mabakuli ya kaure ya Uchina. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kuikumbusha nafsi yake kwamba dunia inapita, hakuchora mifupa. Alituonyesha majumba ya Pate yaliyowaka taa za kioo na za shaba hata usiku ukawa kama mchana, kisha popo wananing'inia juu, na ndani ya vidaka vilivyokuwa na sahani wamelala makinda ya ndege.

Nilichora kidaka hicho kimoja tu, upana wa sentimita tisa. Dhahabu niliiweka mahali sahani ilipokuwa, duara jembamba lililoinuliwa kwa tabaka tatu za jeso, na ndege amelala mbele yake akiziba nusu ya mng'ao. Ukitaka kujaribu, tia dhahabu duara zima kwanza, lisugue, kisha ndege mchore juu yake mwisho kwa rangi nzito iliyotiwa tone la ute wa yai, kwa maana rangi nyepesi hujikusanya na kuteleza juu ya dhahabu iliyong'aa. Manyoya ya ukingoni yakikataa kushika, pitisha kidole chenye unga wa chaki juu ya duara, upulize, na sasa kupuliza ndiko sahihi, kisha urudie brashi. Mama aliitundika mwenyewe, mkabala wa dirisha.